Mbwa Mwenye Kadi

Asubuhi moja ya ukungu, mwezi wa Novemba mwaka 2015, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Loliondo nikingoja taarifa ya habari ya redio, na mjukuu wangu alikuwa akicheza chini ya mti, hatua chache kutoka kiti changu. Alikuwa na umri wa miaka minne na miezi. Alikuwa amelivisha gunzi la hindi kitambaa na kulifunga kamba shingoni, na mkononi alishika mwiko. Nilidhani gunzi lile ni mtoto, maana watoto wa kike wa rika lake hubeba mgongoni kila kibebekacho. Lakini gunzi lile halikubebwa. Lilipigwa mwiko mara tatu, likaambiwa, "Toka jikoni, mbwa we!" Kisha mjukuu wangu akatwaa kikombe cha bati kisicho na kitu, akaliinamishia, akatoa kwa mdomo mlio wa maji yanayomwagika.

"Unafanya nini, mama?" nilimwuliza.

"Nampa Popi adabu."

"Nani amekufundisha kumpa Popi adabu namna hiyo?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Dada," alisema. "Dada anampa ya moto."

Nilizima redio.

Hapana budi nieleze kwanza huyo Popi ni nani, na huyo Dada ni nani, maana wote wawili walikuwa wakaazi wa nyumba yangu na wote wawili waliingia humo bila ya kutaka wenyewe.

Mimi si mzaliwa wa Loliondo. Nililetwa na kazi. Nilimaliza Chuo cha Ualimu Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha hapa na pale, na baada ya kuzungushwa wilaya mbili tatu nikaishia huku, nikawa mwalimu mkuu, nikajenga, na nilipostaafu mwaka 2010 sikuona sababu ya kurudi kwetu Karatu ambako shamba la marehemu baba lilikwisha gawanywa mpaka likawa vipande vya kuotesha vitunguu. Mzee mmoja wa Kimasai, ambaye nilisomesha watoto wake watano, alikuja kuniaga kazini akiwa na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na mbwa mdogo wa rangi ya udongo. "Mwalimu," aliniambia, "sasa huna kengele wala mlinzi. Huyu atakuamsha."

Mtu wa mjini hawezi kuelewa zawadi ile ilikuwa na uzito gani. Huku kwetu fisi si mnyama wa hadithi. Hupita nyuma ya nyumba usiku, husukuma mlango wa banda kwa pua. Chui naye huja kwa ajili ya mbuzi, na kwa ajili ya mbwa pia. Boma lisilo na mbwa ni boma lililolala fofofo. Wamasai humwita mbwa oldia, nao hawamkumbatii wala hawamwogeshi kama nisikiavyo wafanyavyo Wazungu, lakini wanajua thamani yake, na mwenye kumpiga mbwa wa boma bila ya sababu huulizwa. Lugha yetu ya Kiswahili, nasema hivi kwa masikitiko, haikumtendea mbwa haki. Tukitaka kumtukana mtu tunamwita mbwa, tukitaka kusema mtu hana kwao tunamwita mbwa koko. Sijasikia bado mtu akisifiwa kwa jina hilo.

Popi alikuwa na kadi. Jambo hili litakuja kuwa na maana mbele, kwa hiyo nalieleza. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti, wakafa karibu simba 1,000, yaani kiasi cha theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile. Wataalamu walipofuatilia waliona kwamba virusi vile vilihusiana na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka mbuga. Baada ya hapo zikaanza kampeni kubwa za kuchanja mbwa vijijini, dhidi ya distempa na dhidi ya kichaa cha mbwa. Nilikuwa bado mwalimu mkuu zilipofika kwetu. Siku ya chanjo ilikuwa kama sikukuu: watoto walikokota mbwa kwa kamba za katani, kwa mikanda ya suruali, wengine wamewabeba mabegani kama ndama, na uwanja mzima wa shule ukajaa ugomvi wa mbwa wasiojuana. Kila mbwa aliyechanjwa aliandikiwa cheti. Nami Popi nilimpeleka kila walipokuja. Kadi yake ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu, pamoja na hati ya kiwanja na barua ya pensheni: jina Popi, dume, rangi ya kahawia, mwenye mbwa ni mimi, tarehe ya chanjo na sahihi ya bwana mifugo.

Sasa Dada. Binti yetu ni mwalimu wa sekondari, na mumewe alikuwa akifanya kazi mbali, hivyo mtoto wao akalelewa kwetu. Mke wangu magoti yalikwisha mchoka. Tukatafuta yaya. Ndugu yangu wa Karatu akasema anamjua mtu upande wa Mbulu mwenye mpwa wa kike aliyemaliza darasa la saba na yupo yupo tu nyumbani. Mshahara tulipatana na huyo mjomba kwa simu, na mshahara tulimtumia huyo mjomba kwa simu. Msichana akashuka kwenye basi jioni moja ya mwezi wa Machi akiwa na mfuko wa plastiki na kanga moja. Alisema ana miaka kumi na saba. Alisema "Shikamoo babu," nikaitikia "Marahaba," na tangu siku hiyo aliitwa Dada, kwa kuwa mtoto alimwita Dada, na sisi tukafuata.

Alikuwa mchapakazi. Sina budi kulisema hilo ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za mtu mwovu. Saa kumi na moja alfajiri alikwisha koka moto. Mtoto alikuwa safi, amekula, kucha zimekatwa. Chakula cha mbwa pia kilikuwa kazi yake: ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, sufuria tofauti, kila jioni. Hakuna aliyemwuliza kama anapenda kumpikia mbwa. Iliingizwa tu katika orodha ya kazi, kati ya kuosha vyombo na kufunga kuku.

Basi asubuhi ile ya gunzi nilinyanyuka nikamtafuta Popi. Alikuwa nyuma ya tangi la maji. Mgongoni, karibu na mkia, alikuwa na bato lisilo na manyoya lenye ukubwa wa kiganja changu. Bato hilo sikuliona mara ya kwanza siku ile. Nililiona tangu mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi yetu ambapo hata mbwa hutafuta meko, nikadhani ni upele, nikalipaka dawa ya mifugo kwa wiki mbili na kujisifu moyoni kwamba limepona. Mtu aliyekagua kucha na masikio ya watoto mstarini kwa miaka karibu arobaini alishindwa kutambua ngozi iliyoungua kwa maji ya moto! Tena nilikumbuka sasa kwamba mbwa yule alikuwa ameacha kuingia jikoni, na kwamba alipopita mlangoni alipita kwa ubavu, kama mtu anayepita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Chuoni Marangu mkufunzi wetu wa saikolojia alitusimulia jaribio la Albert Bandura, alilolifanya katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1961. Walichukuliwa watoto 72 wa umri wa chekechea. Baadhi yao walioneshwa mtu mzima akilipiga nyundo sanamu la kujazwa hewa liitwalo Bobo, akilitupa na kulitukana. Walipoachwa peke yao na sanamu hilo, wengi wa wale waliomwona mtu mzima walifanya vile vile, na maneno yale yale waliyatumia. Nililisoma jaribio hilo kwa ajili ya mtihani, nikalipata, nikalisahau. Miaka arobaini na zaidi baadaye likanijia chini ya mti wangu likiwa na kitambaa na kamba shingoni.

Nilimwita Dada barazani. Nilikaa, yeye akasimama. Sikuipanga hivyo, ni mazoea. Mikono nyuma, macho chini, kama waliosimama mbele yangu mamia kwa mamia.

"Umemfanya nini mbwa?"

"Sijamfanya kitu, babu."

"Ameungua na nini?"

"Sijui, babu."

"Mtoto amesema."

Kimya. Nikatoa hotuba. Nilimweleza kwamba mbwa ni kiumbe wa Mungu, kwamba ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kuwatesa, kwamba anayemwunguza mnyama leo kesho atamwunguza mtoto. Nilisema vizuri sana. Alipotoka nilikuwa na hakika kwamba hakusikia hata neno moja, maana uso ule naujua: ni uso wa mtoto anayengoja hotuba iishe ili ajue ni viboko vingapi.

Mke wangu alikuwa akituangalia dirishani. "Hapa si ofisini," aliniambia. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wewe pia ulikuwa mkali." Alikusudia fimbo. Sitalikwepa hili. Kanuni za mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne na kila adhabu iandikwe katika kitabu, na kitabu changu kiliandikwa vizuri, wakaguzi walikisifu. Lakini kabla ya hapo, na siku nyingine hata baada ya hapo, nilichapa kwa hasira ambazo hazina safu katika kitabu chochote. Waliochapwa ni wazazi wa leo. Baadhi yao wana mbwa, wana watoto, na wana wasichana wa kazi.

Niliazimia kumrudisha kwao kwa basi la alfajiri. Na hapa nakiri jambo ambalo si la heshima. Sikumrudisha, na sababu haikuwa huruma. Wiki ile binti yetu alikuwa anajiandaa kwenda kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, kazi ya siku nyingi, na bila ya Dada hakuna ambaye angemkimbiza mtoto wa miaka minne. Nikaona heri tumvumilie mpaka Desemba. Mwalimu yeyote anajua kwamba onyo linalotolewa na mtu anayekuhitaji halina meno. Nilimwonya kwa mara ya pili, naye akasema "Ndiyo, babu." Kuanzia hapo sikuona tena akimpiga mbwa. Niliona tu kwamba sufuria ya mbwa siku nyingine ilikuwa kavu, na Popi, ambaye zamani alikuwa akimruhusu mtoto kumpanda kama punda, alianza kula haraka haraka huku masikio yamelala.

Siku kumi na mbili baada ya gunzi, mtoto alimwendea Popi kwa nyuma wakati anakula. Nilisikia mlio mmoja tu mfupi, wa mbwa, kisha wa mtoto.

Nilipofika uani damu ilikuwa inatiririka kutoka mkono wa kushoto wa mjukuu wangu, na Dada alikwisha mkamata na kumwinamisha chini ya bomba la tangi. Alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Alisugua, akasuuza, akasugua tena, mtoto akipiga mayowe, mpaka povu likageuka kuwa jekundu na kisha likawa jeupe, na bado aliendelea. Mimi nilichofanya, mimi mwenye hotuba ya kiumbe wa Mungu, nilichukua mpini wa jembe. Jirani alikuwa amekwisha ruka ua akiwa na rungu. Tulimbana Popi penye kona ya banda la kuku. Alikuwa amejikunja, anatetemeka, amejikojolea.

"Babu msimwue!" Dada alipiga kelele bila ya kuuacha mkono wa mtoto. "Mkimwua hamtajua! Mfungeni!"

Ilinichukua dakika nzima kuelewa maana ya maneno yale, na ninaona aibu kwamba yalitoka kwake si kwangu. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa mtu hakina dawa. Lakini kati ya kuumwa na dalili kuna nafasi, siku au wiki, wakati mwingine miezi, na katika nafasi hiyo ndimo yanamofanyika yote yawezayo kumwokoa mtu: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha sindano. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, mwaka 1885, njia ni ile ile. Na mbwa aliyeuma, kama yu hai, afungwe na atazamwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku kumi, basi alipouma hakuwa na ugonjwa mateni. Akiuawa na kutupwa, huna wa kumtazama, unabaki na hofu yako.

Tulimfunga. Tulipanda pikipiki mbili kwenda hospitali, mimi na kadi ya Popi mfukoni, Dada na mtoto mapajani mwake.

Mhudumu aliyetupokea alikuwa kijana mpole mwenye daftari kubwa. Aliandika jina la mtoto, umri, kijiji. Mbwa wa nani? Wangu. Amechanjwa? Nikatoa kadi kwa fahari, akanakili kila kitu: Popi, dume, kahawia, tarehe. Kisha akauliza, "Jeraha limeoshwa?" Limeoshwa vizuri sana. "Nani aliyeosha?"

"Dada wa kazi," nilisema.

"Jina lake?"

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga imelowa damu na maji ya sabuni, mtoto amelala begani kwake. Miezi minane alikuwa amelala chini ya paa langu. Kwa miaka mingi niliita majina asubuhi, majina ya watoto mia nne na zaidi, na nilijivunia kwamba nikikutana na mtu mnadani naweza kumwita kwa jina lake, la baba yake, na mwaka aliomaliza. Nikafungua kinywa nikakifunga.

Akajitajia mwenyewe, majina matatu, polepole, herufi moja moja pale kijana alipokosea. Sitayaandika hapa kwa kuwa ni yake na hajaniruhusu. Lakini niliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Mtoto alipata sindano ya kwanza, akaandikiwa tarehe za nyingine. Tulipokuwa tunangoja nje, bila ya kuulizwa, Dada akasema: "Kwetu hatukuosha." Ndugu yake wa kiume, aliyemfuata, aliumwa mguuni na mbwa wa jirani. Wanaume wakampiga mbwa wakamtupa korongoni, na jambo likaonekana kwisha. Kidonda kilifungwa majani, kikapona. Alipoanza kukataa maji alikuwa amekwisha sahau kama aliwahi kuumwa. Yeye Dada ndiye aliyekuwa akimpelekea kikombe. Alinieleza hayo kwa sentensi chache, akitazama pikipiki zilizoegeshwa, kisha akasema, "Popi nilimmwagia mara mbili, babu. Kupiga sijui mara ngapi. Alikuwa anamlamba mtoto mdomoni."

Sikumjibu. Sikuwa na hotuba.

Zikaanza siku kumi. Popi alifungwa kwa mnyororo chini ya ghala, na bwana mifugo akapita kumwona. Binti yetu alipiga simu kutoka alikokuwa anasahihisha, na maneno aliyoyasema juu ya Dada, na juu ya baba yake aliyejua akanyamaza, sitayarudia. Alitaka msichana aondoke siku ile ile. Mke wangu alitaka abaki. Mimi nilikwenda kukaa na mbwa.

Chakula cha mbwa nilipika mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusonga ugali wa pumba, na niliuunguza. Lakini maji ndiyo yaliyokuwa yakitazamwa na watu wote. Kila alfajiri nilisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa kabla sijaamka, kisha hatua za malapa mpaka karibu na ghala, zikasimama mbali kidogo. Nilipotoka alikuwa amekwisha chungulia bakuli.

"Shikamoo babu. Amekunywa."

"Marahaba. Amekunywa kiasi gani?"

"Nusu."

Hivyo siku ya pili, hivyo siku ya tano. Siku ya saba mvua ilinyesha usiku kucha na bakuli lilikuwa limejaa pomoni, hatukuweza kujua kama amekunywa au hakunywa. Nikamkuta amesimama mvuani, amejifunika gunia, rangi imemtoka. Nilimwaga yale maji nikaweka mengine, tukasimama wote wawili tukingoja. Popi alitutazama, akamtazama hasa yeye, wala hakusogea. "Anakuogopa," nilimwambia. "Nenda jikoni." Alikwenda, akachungulia kwa upenyo wa mlango. Mbwa akaja akanywa. Nilisikia mlangoni mtu akishusha pumzi, kisha akilia, na sikumfuata.

Siku ya kumi Popi alikuwa mzima wa afya na amenenepa kwa uji wangu mbaya. Daktari akasema sindano zilizobaki hazina haja.

Binti yetu aliporudi tulikaa wote wanne, na safari hii nilihakikisha kuna viti vinne. Mpaka leo binti yangu anaamini tulifanya makosa kumbakiza, na siwezi kusema kwamba hana hoja. Mtu anayemmwagia maji ya moto kiumbe kilichofungiwa naye ndani ya ua mmoja, mara mbili, tena mbele ya mtoto, amefanya jambo baya, na kifo cha ndugu hakiligeuzi likawa zuri. Nilimwambia Dada hivyo hivyo, naye akakubali. Kama angekuwa amemwunguza kwa kujifurahisha, kama nilivyopata kuwaona watu wakifanya, basi la alfajiri lingemchukua. Lakini tulipata miezi minane ya kumwuliza kitu kimoja tu, kama anaogopa mbwa, na hatukumwuliza. Tulimkabidhi mtoto na mbwa kwa pamoja, akaona kazi yake ni kumlinda wa kwanza dhidi ya wa pili, kwa silaha zilizokuwapo jikoni.

Nilichukua daftari la mazoezi nikaandika mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na mimi niliyesaini mikataba ya walinzi na wapishi wa shule sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sheria hiyo inavuka kizingiti cha jiko langu. Jina lake kamili juu. Mshahara mkononi mwake, si kwa mjomba. Jumapili ni yake baada ya ibada. Kumlisha mbwa ni kazi ya mwalimu. Mjomba alipiga simu mara tatu akalalamika, kisha akachoka. Mjukuu wangu naye ilibidi afundishwe upya, na hilo lilichukua muda kuliko mkataba: kila jioni alikuja nami ghalani, akakaa hatua tano, akatazama mbwa akila bila ya kuguswa. Gunzi sikulitupa. Lilikaa chini ya mti mpaka mchwa wakalimaliza.

Msomaji anaweza kutaka kusikia kwamba Dada na Popi walikuja kupendana. Hawakupendana. Aliishi nasi mpaka katikati ya mwaka 2017, na muda wote huo walipishana uani kama majirani waliokatana neno. Hakumgusa tena, wala yeye hakumsogelea. Kisha akaniambia amepata pesa za kutosha kujifunza ushonaji Karatu, akaondoka na sanduku, si mfuko wa plastiki, na mjukuu wangu alilia siku mbili.

Mwaka 2019, karibu na Pasaka, alikuja kutusalimia. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, amemletea mke wangu mkate na mtoto kalamu za rangi. Katika kikapu alikuwa na kitu kingine kilichofungwa kwa gazeti. Popi alikuwa mzee wakati huo, jicho moja lina ukungu, kutwa analala penye jua la baraza. Aliposikia sauti yake langoni alinyanyuka, kwa shida, miguu ya nyuma ikikataa, akaenda akajificha nyuma ya tangi.

"Bado ananijua," Dada alisema.

Alifungua lile gazeti. Ulikuwa mfupa wa ng'ombe wenye nyama bado. Akauweka chini karibu na tangi, si karibu sana, akarudi kinyumenyume, akaingia ndani kunywa chai. Alipoondoka jioni mfupa ulikuwa pale pale. Asubuhi haukuwapo. Lakini huku kwetu fisi hupita kila usiku, na siwezi kuapa ni nani aliyeuchukua.